Jua la Bitana Nyeupe

Kama hujawahi kuona watu wanawasha taa saa sita mchana huku nje jua linawaka la kuchoma nyayo, ungepita kwenye karakana ya Shangazi. Ilikuwa karakana ya mapazia, chumba kirefu chenye madirisha matatu, na yote matatu Shangazi aliyaziba kwa mbao. Juu ya mbao akapigilia vipande vya kile kitambaa kizito cha kuzuia mwanga, kana kwamba mbao peke yake haziaminiki. Sababu alikuwa nayo, na aliisimulia hata kwa asiyeuliza. Mwanzoni mwa biashara alishona mapazia ya zambarau ya sebule nzima ya mtu, akayatundika karibu na dirisha yamsubiri mwenyewe. Mwenyewe akachelewa. Siku ya kuyakunjua, upande mmoja zambarau, upande wa pili rangi ya ugonjwa. Akashona upya kwa kitambaa chake mwenyewe, amenuna wiki nzima. Tangu hapo yeye na jua hawakusalimiana.

"Jua ni mwizi," alikuwa akisema. "Linaingia mchana kweupe, linakwangua rangi ya watu, linaondoka zake, na wewe umekaa hapo hapo unaliangalia."

Humo ndani ndimo alimofanya kazi Pindo. Shangazi alikuwa dada wa baba yake, na ndiye aliyemfundisha kushona tangu akiwa binti mdogo. Alipoona mtoto anakunja pindo la pazia likanyooka bila kupimwa, akampachika jina hilo, na jina la kuzaliwa likafa kifo cha kawaida. Pindo aliingia karakanani asubuhi jua halijapata nguvu, akatoka jioni limeshakwenda zake. Mumewe, kwa upande wake, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, siku nzima yuko juu ya mabati, mweusi tii mpaka kisogoni. Wakipita pamoja watu waliwatania kwamba mmoja amekula jua la wawili. Walicheka, maana ilikuwa kweli, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Sasa Pindo alikuwa na mimba ya pili, na mimba hiyo ilimtia hofu ambayo hakuwa akiisema ovyo.

Mimba ya kwanza ilimletea kisukari, kile cha ujauzito, kinachokuja na mimba na aghalabu huondoka nayo. Walikigundua kwa kuchelewa. Mtoto alikua tumboni akapitiliza, na siku ya kuzaliwa kichwa kikatoka, mabega yakagoma. Pindo hakumbuki kila kitu cha siku ile, lakini anakumbuka mkunga akipaza sauti kuita wenzake, na anakumbuka kimya kilichofuata, kimya kirefu kupita vyote alivyowahi kuvisikia, kabla mtoto hajalia. Alikuwa binti, bonge la mtoto, na Bonge likawa ndilo jina lake. Katika kuvutwa bega liliumia, na mkono wake wa kulia ulining'inia kama mkono wa shati lisilo na mtu ndani. Walikwenda mazoezini hospitalini, wakaunyoosha, wakaukanda, wakaubembeleza, na mkono ukarudi. Ukarudi karibu wote. Bonge sasa alikuwa mtoto wa shule, anaruka kamba, anagombana, anakula, lakini mkono ule haukufika juu ya kichwa. Akitaka kuchana nywele, huinamisha kichwa kiufuate mkono.

Kila asubuhi Pindo alimwona mwanawe akiinamisha kile kichwa. Hapo ndipo moyo ulipomwuma. Alichokiomba katika mimba hii kilikuwa kimoja tu: sukari isirudi, mtoto asikwame.

Kliniki kulikuwa na nesi mmoja wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, mwenye maneno ya kukata. Alimsikiliza Pindo mpaka mwisho bila kuandika kitu.

"Aliyewahi kuipata anaweza kuipata tena," akasema. "Anaweza. Sijasema lazima. Kipimo cha leo ni kizuri. Tutarudia mimba ikikomaa, maana hapo ndipo inapopenda kujitokeza. Chakula nimekueleza. Kutembea unatembea?"

"Kutoka nyumbani mpaka kazini."

"Kazi gani?"

"Mapazia, nesi. Nashona."

"Na jua unaliona lini?"

Pindo akafikiri. Akaona aibu, lakini uongo nao ulikuwa mgumu. "Jumapili, nikianika nguo."

Nesi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mama, nisikudanganye. Wapo waliowafuatilia wajawazito wengi wakaona kwamba wanaopata jua la kutosha, sukari huwapata kidogo kuliko wanaojifungia ndani. Ni jua lenyewe, au ni ile vitamini ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, au ni vile tu kwamba anayetoka nje anatembea? Hakuna aliyekata shauri. Kwa hiyo jua sikupi kama dawa, na ole wako nikusikie umeacha chakula nilichokupangia ukasema unakula jua. Lakini mtu mzima kuishi kama uyoga, hilo silipendi. Asubuhi toka nje, mikono wazi, uso wazi. Usijiunguze. Basi."

Pindo akarudi karakanani na hayo maneno, akamkuta Shangazi amepiga magoti juu ya jora la kitambaa cha kijani, chaki mdomoni. Alipomweleza, Shangazi alitoa chaki.

"Nikutolee vitambaa vya watu juani? Mimi? Kijani hiki?"

"Sijasema kijani, Shangazi."

"Njano, basi? Bluu? Wewe mtoto, bluu ndiyo inayoibwa kwanza!"

Pembeni, Bi Waridi alikuwa anabana kicheko. Huyu alikuwa mshonaji mwenzao, mama mnene mwenye vidole vyembamba, kazi yake maua ya kitambaa ya kupachika kwenye mikanda ya kufungia mapazia. Waridi zake ungeziweka mezani mtu angezinusa.

"Bitana," akasema Pindo.

"Bitana imefanya nini?"

"Bitana ni nyeupe, Shangazi. Kila pazia lina bitana yake ya nyuma, na kila bitana ina pindo la kushonwa kwa mkono. Nipe bitana zote nikashonee uani. Kwenye nyeupe, jua litaiba nini?"

Ungemwona Shangazi anatafuta jibu kwenye rafu, chini ya meza, mpaka darini.

"Vumbi," akasema mwishowe.

"Nitatandika shuka."

"Ndege watakunyea!"

"Nitakaa pembeni ya ukuta."

"Mh." Akarudisha chaki mdomoni, shingo upande. "Bitana tu. Nikiona hata uzi wa rangi umetoka nje, nakurudisha kwa sikio."

Ndivyo Pindo alivyohamia uani asubuhi asubuhi, na kigoda, na shuka, na lundo la bitana mapajani, mikono ya gauni imekunjwa mpaka mabegani. Mwanzoni macho yalimuuma, akawa anashona amefinya uso kama anayekunywa dawa chungu. Kisha mwili ukazoea. Ua ulitazamana na njia ya miguu, na wapita njia hawakukosa la kusema. Mmoja alimwambia atamkaanga mtoto. Mwingine akamwonya kwamba mtoto atatoka mweusi kama masizi. Bi Waridi naye, akitoka kumwaga maji, akamwuliza kama tumbo limeshaiva au ligeuzwe upande wa pili.

"Mimi hilo jua silielewi," Shangazi alilalamika kutoka mlangoni, mguu mmoja ndani, wa pili ndani vilevile. "Kitambaa linakichujua, mtu linamkoza. Lina akili gani?"

"Njoo ukae, utalielewa."

"Nitachujuka!"

Lakini alianza kumletea chai. Chai kavu, bila sukari, amembebea mwenyewe mpaka uani, anakwenda mbio kana kwamba mvua inanyesha, anaweka kikombe, anakimbilia ndani. Jua likipanda na kuwa kali, sauti yake hutoka gizani: "Ingia sasa! Limeanza kuchoma!" Asingekwambia kwamba anaangalia saa kwa ajili ya mtu. Shangazi hana mdomo wa mapenzi. Mapenzi yake yote yako kwenye amri.

Na Pindo alijisikia vizuri, hilo hakulificha. Usingizi ulimrudia. Jioni alitembea na mumewe na Bonge mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, na mumewe akawa anamshika mkono na kuulinganisha na wake, anamwambia bado sana, mama, hunifikii hata robo. Nyumbani walikuwa na ile mashine ndogo ya kupimia sukari, iliyobaki tangu mimba ya Bonge. Mumewe aliitia betri mpya, akanunua vijiti vyake vipya, na Pindo akawa anaibeba kwenye mkoba, mara asubuhi, mara baada ya chakula, anajichoma kidole na kuangalia. Namba zilikuwa nzuri. Kila akiziona nzuri alishusha pumzi, na kila akishusha pumzi alijikanya asifurahi mapema.

Kisha likaja agizo la ukumbi.

Ukumbi mkubwa wa sherehe ulitaka mapazia mapya, na kila pazia lina mkanda, na kila mkanda una waridi, na waridi zenyewe ziwe ngumu, zisilegee. Kwa kazi ya namna hiyo Bi Waridi alikuwa na siri yake ambayo kila mtu aliijua: shira. Alichemsha sukari na maji mpaka yakawa mazito, akalichovya ua, akalikamua, akalikunja petali moja moja, akaliacha likauke. Likikauka linasimama kama la kauri. Gundi ya dukani aliidharau, alisema inanuka na inageuka manjano. Adui yake alikuwa mmoja tu, sisimizi. Meza yake aliisimamisha miguu minne ndani ya makopo ya maji, na bado walipita, walijua wenyewe wanapita wapi, na Bi Waridi aliwatukana mchana kutwa kama watu wanaodaiwa kodi.

"Pindo, mwenzangu, nisaidie kuchovya," akasema asubuhi hiyo. "Vidole vyangu viwili tu havitoshi."

"Una vidole kumi."

"Vinane vimechoka."

Pindo akamsaidia. Alichovya, akakamua, akakunja, asubuhi nzima, wanacheka, Shangazi anawafokea wafanye kazi. Alipomaliza akafuta mikono kwenye aproni, akaipuliza, ikakauka. Aliona iko safi. Muda wa chakula ulikuwa haujafika, na alikuwa hajapima tangu jana, kwa hiyo akajibanza nyuma ya majora, akatoa mashine mkobani, akajichoma, akaminya tone, akagusisha kijiti.

Mashine ikahesabu, ikalia. Kumi na tano na ushei, yeye aliyezoea tano au sita.

Akaiangalia. Akadhani ameisoma vibaya, akaigeuza, kana kwamba namba itasomeka vingine. Akajichoma kidole cha pili. Ikaja kubwa kuliko ya kwanza.

Mungu wangu. Akakaa chini pale pale kati ya majora, na kitu cha kwanza alichokisikia kichwani hakikuwa sauti yake wala ya nesi. Kilikuwa kile kimya cha siku ya kumzaa Bonge. Alijishika tumbo. Mtoto akacheza, na kule kucheza kwake, kulikokuwa kunampa raha kila siku, leo kulimchoma.

Alipotoka nyuma ya majora alikwenda moja kwa moja uani, akakusanya shuka, kigoda, na bitana, akaviingiza ndani, akakaa chini ya taa. Shangazi akainua macho.

"Mbona umeviingiza vyote? Kesho hutoki?"

"Halina kazi."

"Nini halina kazi?"

"Hilo jua. Halina kazi, Shangazi. Tumejidanganya tu."

Mkasi wa Shangazi ukasimama katikati ya kitambaa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, maana mkasi ukisimama katikati unaacha jino. Pindo akamwambia namba. Alitaka kuisema kwa utulivu, akalia, machozi yakadondokea bitana nyeupe, na Shangazi, aliyekuwa akimfokea mtu kwa tone la chai kwenye kitambaa, hakusema neno juu ya bitana.

"Vaa viatu," akasema. "Tunakwenda."

"Leo asubuhi nimeshakula, na kile kipimo kikubwa cha kliniki hakipimwi mtu akishakula. Na mashine imesema..."

"Mashine si daktari. Vaa viatu."

Wakaenda. Nesi alikuwa anafunga dirisha la dawa. Mchana ulikuwa umepita na foleni imekwisha. Alimkalisha Pindo, akamwuliza kiu, akamwuliza mkojo, akamwuliza macho. Hapana, hapana, hapana. Shangazi alisimama nyuma yake amekunja mikono, na kwa sababu hakujua pa kuiweka hofu yake, akalishika pazia la chumba cha vipimo, akalifunua chini, akaguna. "Nani kashona hili pindo? Limekwenda kama njia ya mlevi."

"Shangazi, tafadhali."

"Nasema tu."

"Nionyeshe hiyo mashine," akasema nesi.

Pindo akafungua mkoba, akaitoa, akaiweka juu ya meza nyeupe. Na kutoka kwenye ule ufa wa kuchomekea kijiti akatoka sisimizi mmoja. Akasimama, akapapasa hewa, akageuka. Nyuma yake akatoka wa pili. Kisha wakaja kundi zima, wametoka kwenye mashine, wametoka kwenye kifuko cha visindano, mstari ulionyooka kuliko lile pindo la pazia, wanaelekea kwenye vidole vya Pindo vilivyokuwa juu ya meza.

Watu watatu wakawatazama wadudu.

"Hawa," akasema Shangazi polepole, "ni wa Bi Waridi."

Nesi akavua miwani. "Mama, kabla ya kupima ulikuwa umeshika nini?"

Pindo aliangalia mikono yake. Akaona kwenye kucha ule weupe mwembamba unaong'aa, akainusa. Shangazi ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyoanza kawaida na kumalizikia darini.

"Sukari! Kashika sukari! Kachovya waridi kwenye shira asubuhi nzima, huyu mtoto! Kapima sukari ya maua!"

"Ukanawa?"

"Nilifuta," akasema Pindo kwa sauti ndogo. "Kwenye aproni."

"Aproni iliyo na shira," akasema Shangazi.

Nesi akamwelekeza kwenye bomba. "Sabuni. Mpaka kwenye kucha. Tone la damu likipita kwenye kidole chenye sukari, mashine inapima vyote viwili, haijui ipi ni yako na ipi ya waridi." Pindo alinawa. Alinawa kama mtu anayejiandaa kupasua mtu. Nesi akamkausha, akamchoma kwa mashine ya kliniki, wakasubiri, na Shangazi akaliachia pazia.

Namba ilikuwa ya mtu mzima mwenye afya aliyekula vizuri.

Jamani. Pindo alicheka, akalia, akacheka tena, na nesi naye, ambaye tulishasema ana maneno ya kukata, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya ile kamba ya miwani. Shangazi hakucheka. Alikaa kitini kwa kishindo, akasema, "Nitamchovya Bi Waridi mwenyewe."

"Msifurahi mkapitiliza," akasema nesi alipopata pumzi. "Kidole ni kidole. Kipimo chenyewe kiko palepale. Kesho asubuhi njoo na njaa, unywe ile glukosi, tukutoe damu, tujue moja."

Kesho yake akaja na njaa, na Shangazi akaja naye bila kualikwa. Alifunga karakana, mwanamke ambaye hakuwahi kuifunga hata alipong'olewa jino. Pindo akanywa maji matamu ya kuchefua, akatolewa damu, akasubiri kwenye benchi, akatolewa tena, akasubiri tena. Wakati wa kusubiri Shangazi aliomba sindano na uzi kwenye mkoba wake mwenyewe, maana huwa anaongea na mkoba, akaingia chumba cha vipimo, akakaa chini ya lile pazia, akafumua pindo na kulishona upya. Hakuna aliyemzuia. Nesi alipotoka na majibu alimkuta yuko kwenye pembe ya mwisho.

"Mama," nesi akamwambia Pindo, "huna sukari. Sawasawa kabisa, kutoka kabla ya kunywa mpaka damu ya mwisho."

Pindo hakusikia yaliyofuata. Nesi alikuwa anasema aendelee na chakula, aendelee kutembea, aendelee na jua lake la asubuhi, asidhani amemaliza, wataendelea kumwangalia mtoto anavyokua. Yote hayo alikuja kuyauliza upya wiki iliyofuata. Kwa wakati ule kilichokuwepo ni mwili wake tu, jinsi ulivyolegea wote kwa mara moja, mabega, shingo, magoti. Hakujua kwamba alikuwa ameukaza miezi yote ile.

"Ni jua?" Shangazi akauliza. "Niambie ukweli. Ni jua?"

"Siwezi kukuapia," akasema nesi. "Huenda ni jua, huenda ni kutembea, huenda ni chakula, huenda mwili wake umeamua tu. Lakini halikumdhuru."

"Ni bitana zangu," akasema Shangazi, akakata uzi kwa meno.

Njiani walipita mtaa ambao mumewe Pindo alikuwa anaezeka nyumba. Alikuwa juu kabisa, nyundo mkononi, misumari mdomoni, hakwenda kliniki kwa sababu mkewe alimkataza, alisema akimwona anatetemeka na yeye atatetemeka. Alipowaona chini aliganda. Pindo akakusanya mikono mdomoni, akapiga kelele mtaa mzima usikie:

"Sina!"

Misumari ikamwagika. Alicheza pale pale juu ya bati, akipiga kisigino, na mwenye nyumba akatoka mbio akidhani paa linaanguka. Alipoambiwa kisa, naye akapiga makofi, kisha akamwomba fundi acheze chini.

Karakanani, Shangazi hakuvua hata kanga ya begani. Alimwamuru Bi Waridi ahamishe vitu vyote vya rangi upande wa ukuta, bluu ikatangulia. Kisha akachukua nyundo, akaliendea dirisha la mwisho, akang'oa kitambaa kizito, akang'oa mbao. Mwanga ukaanguka sakafuni na vumbi lote la miaka likaonekana likielea.

"Hili la bitana," akasema akipiga chafya. "Ikianza mvua hutakaa uani. Na wewe Bi Waridi, karai la maji na sabuni mlangoni, mtu asitoke kwenye maua yako bila kunawa. Unanisikia? Umetaka kuniua."

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Nyamaza."

Mtoto alikuja siku zake zilipotimia, mchana, nje kweupe. Pindo alipiga moyo konde, lakini kichwa kilipotoka hofu ya zamani ilimrukia yote kwa pamoja, akafumba macho akingoja ile sauti ya mkunga ikiita wenzake. Mkunga hakuita mtu. Alisema tu, "Haya, taratibu, mama," na mabega yakapita, moja, kisha la pili, kama kitu ambacho hakikuwahi kuwa na shida, na kilio kikajaa chumba kabla ya kimya kupata nafasi.

"Mvulana," akasema mkunga.

"Mikono," akasema Pindo. "Niambie mikono."

"Mikono?" Mkunga alikuwa anajaribu kujinasua. "Mikono yote miwili anayo, na imenishika gauni. Hebu mwambie mwanao aniachie!"

Kwenye korido Shangazi alisikia kilio, akakaa sakafuni, mtu wa umri ule, akalia waziwazi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Mara ya kwanza alikuwa amekaa korido hiyo hiyo na alikuwa amekisikia kile kimya. Hakuwahi kumwambia mtu. Mumewe Pindo akamwinua, naye akamwambia aache kumvuta, ana miguu yake.

Jioni walimleta Bonge. Alisimama kando ya kitanda, akamkagua nduguye kwa muda, akasema mbona ni mdogo. Kisha akanyoosha mkono, ule wa kulia, polepole kama kawaida yake, akamgusa kiganja. Vidole vya mtoto vikafumba.

"Mama!" Bonge akapiga kelele, macho yamemtoka. "Ananivuta! Mama, huyu ana nguvu, ananivuta!"